Joto Fiche

Miaka kumi na tisa nimelichora jokofu ubaoni:
mshale wa kwenda, mshale wa kurudi,
gesi huku, kimiminika kule,
na chini yake, kwa chaki nyekundu, *joto fiche*.
Walinakili. Niliweka vema.
Nyumbani Maweni, friji yetu ilipokufa,
nilimwita fundi
nikakaa sebuleni na gazeti hadi amalize.

Muhula huu imekuja barua:
kila mwalimu wa sayansi atoke na wanafunzi wake
wiki tatu, kazini.
*Si kusimamia*, ilisema. *Kujifunza.*
Nililisoma neno hilo mara mbili
kama mtu aliyeletewa bili ya jirani.

Tukapangiwa karakana ya Nyevu Tsofa,
mlango wa bati, nyuma ya soko.

Nyevu nilimfundisha. Kidato cha tatu, dawati la dirishani.
Nilimpa ishirini na moja kwa mia
na kwenye ripoti nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri:
*Hana mwelekeo wa sayansi.*
Hajanikumbusha. Alinipa ovaroli
iliyokuwa ya mtu mnene zaidi, akasema,
"Mwalimu, saa hiyo vua.
Umeme haumuulizi mtu cheo."

Kuna na mzee Pola, miaka hamsini na miwili,
aliyebeba sinia hotelini tangu ujana
mpaka hoteli ikafungwa, vitanda vikauzwa.
Sasa anafungua skrubu akizihesabu,
*uno, due, tre*,
na kila moja huiweka kwenye kisahani
kana kwamba kuna mgeni anaisubiri.

Nyevu hana ubao.
Anakushika kichwa, anakiinamisha:
"Sikiliza. Ikigonga, ni vali.
Ikinung'unika, mafuta yamepungua.
Ikinyamaza kabisa,
muulize kwanza mwenye nyumba kama amelipa stima."

Jumwa, ambaye darasani
sauti yake niliijua kwa jina tu, siku ya kuita majina,
alishika moto, akaunganisha shaba na shaba,
na maji ya sabuni hayakutoa hata povu moja.
Lali, wangu, namba moja wangu,
aliunguza bomba mara nne
akatoka nje, akakaa juu ya ndoo
akitazama viatu vyake.
Nilimfuata. Sikuwa na mfano wa kumpa,
wala methali.
"Mimi mara sita," nikamwambia.
Akacheka, kamasi zikamtoka,
tukarudi ndani.

Siku ya kumi likaletwa friza la muuza samaki,
barafu imeganda hadi kwenye mfuniko.
Tukalizima, tukatumbukiza kipimajoto.
Sifuri.
Tukanywa chai. Sifuri.
Maji yalikuwa yanatiririka sakafuni, yanatafuta mlango,
Pola anayafukuza kwa fagio,
na zebaki haijasogea hata nywele.
Jumwa akauliza: joto linaingia, linakwenda wapi?

Nilikuwa na jibu. Nimelitoa mara elfu.
Lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya barafu ile,
kucha zimekuwa buluu,
na nilikuwa nafikiria Pola, na sinia lake,
na miezi yote ambayo mtu anayeyuka
na anayemtazama anasema, mbona yuko vilevile.

"Hii uliiita nini, Mwalimu?" Nyevu akauliza.
"Joto fiche."
"Mbona hukutuambia kwamba linauma vidole?"

Jana alisaini madaftari yetu.
La Lali, la Jumwa, na langu la mwisho.
Pale penye *maoni ya msimamizi*
ameandika maneno manne, nimeyahesabu kwa mbali.
Bado sijayasoma.
Nimeyafunika kwa kiganja,
kiganja chenye lengelenge
ambalo mke wangu ameniuliza nimelipata wapi
na nikamjibu, bila kufikiri:
shuleni.